Toa Mguu

Klachi ya tatu iliungua Jumapili, saa nne asubuhi, katikati ya mlima, mbele ya watu waliovaa nguo zao nzuri na wasiokuwa na haraka ya kwenda popote. Moshi mweupe ulitoka chini ya gari. Harufu ikafuata, ile harufu ya nywele zilizochomwa kwa kiberiti. Injini ilinguruma kama inayotaka kuruka angani, lakini gari lenyewe lilitembea kama konokono, kisha likasimama, kisha, kwa heshima na taadhima, likaanza kurudi nyuma.

"Mwalimu!" mtu mmoja aliita kutoka kando ya barabara. "Toa mguu!"

Barabara nzima ikaangua kicheko.

Kicheko hicho kinahitaji maelezo. Mwalimu alikuwa amefundisha udereva kwa miaka ishirini na minane. Mwanafunzi mpya huwa na kosa moja: akishabadilisha gia, analaza mguu wa kushoto juu ya pedali ya klachi kama mtu aliyefika kwao. Sahani za klachi, ambazo kazi yake ni kushikana sawasawa ili nguvu ya injini ifike kwenye magurudumu, zinabaki zinasuguana, zinapata moto, zinaungua. Kwa hiyo Mwalimu alikaa kwenye kiti cha pembeni miaka yote hiyo akipiga kelele sentensi moja tangu asubuhi mpaka jioni: "Toa mguu!" Nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamekemewa na sauti hiyo, na nusu nyingine hawakuwa na leseni. Watu walimwita Toamguu, na yeye akaitika.

Sasa mtu huyo, huyo huyo, alikuwa ameunguza klachi tatu katika miezi saba.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Gari lile halikuwa la kubebea mboga. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, ambalo Mwalimu alilinunua likiwa limekunjwa kama karatasi ya mtihani uliofeliwa, akalijenga upya uani kwake kwa miaka sita pamoja na binti yake. Binti alikuwa fundi wa magari, mwanamke pekee kwenye gereji yao, na huko walimwita Spana. Mwaka uliopita alilifungia turbo. Nguvu ziliongezeka karibu mara mbili, lakini klachi ilibaki ile ile ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa injini ya watu wapole. Inateleza, inaungua. Dawa yake ni kununua klachi kubwa zaidi.

Hivyo ndivyo alivyosema fundi, hivyo ndivyo alivyosema Mwalimu, na hivyo ndivyo walivyosema mashabiki wote waliolisukuma gari lile mpaka nyumbani. Hakuna aliyefikiria kuutazama mguu.

Jioni hiyo kikao kiliitishwa jikoni. Wajumbe walikuwa watatu: Mwalimu, binti yake, na mke wake ambaye alikuwa mshonaji wa sare za shule na alihudhuria akiwa na utepe wa kupimia shingoni na suruali ya mtoto wa watu mapajani.

"Klachi ya nne," alisema Mshonaji. "Mimi mashine yangu ya kushonea ina miaka kumi na tisa. Sijawahi kuibadilishia hata mkanda."

"Mama, mashine yako haina turbo."

"Ingekuwa nayo, baba yako angeshaniomba kila Jumapili akaipandishe mlimani."

"Mke wangu, hili ni suala la kitaalamu."

"Nami nachangia kitaalamu. Hela za sare za muhula huu ziko kwenye kopo. Nilikuwa nataka kuezeka upya chumba cha kazi, kinavuja juu ya vitambaa. Nikikupa, hii iwe ya mwisho."

"Ya mwisho," Mwalimu alisema, akaweka mkono kifuani kama anayeapa mbele ya gwaride. "Tunanunua klachi ambayo itanizika."

Walicheka wote. Jikoni ile watu walicheka sana, kwa sababu ambayo nayo lazima ielezwe.

Spana akiwa na miaka tisa, baba yake alimtuma kwa jirani akaombe lita moja ya hewa ya tairi la akiba. Akaenda, na chupa. Jirani akaijaza vizuri, akaifunga kizibo, akamwonya asiimwage njiani. Aliporudi na kugundua alichofanyiwa, alilia, kisha akachukua chaki, akachora mstari mmoja kwenye ukuta wa uani chini ya neno BABA, akasema, "Moja bila." Tangu siku ile vita haikukoma. Chumvi iliingia kwenye sukari, tai ilishonwa kwenye mkono wa shati, kengele ya baiskeli ilifungwa chini ya kitanda. Sheria ilikuwa moja: mtego hauhesabiwi kwa kutegwa, unahesabiwa kwa kunasa. Mwathirika lazima aruke, au apige yowe. Kufikia mwaka huu ukutani palikuwa na mistari arobaini na mmoja ya Baba na arobaini ya binti.

Binti alitaka kusawazisha. Alhamisi baada ya klachi kuungua, alichukua golori moja kutoka kwenye beringi ya klachi ya pili, aliyokuwa ameifungua na kuihifadhi kwenye kopo la rangi. Golori ndogo, ya chuma, ya duara kamili, kubwa kidogo kuliko punje ya njegere. Akaitumbukiza kwenye kiatu cheusi cha baba yake, cha kushoto, akaisukuma mpaka mbele kabisa. Kisha akajificha nyuma ya mlango wa jikoni kungoja yowe.

Mwalimu alivaa kiatu. Akafunga kamba. Akasimama, akatembea hatua tano, sita, kumi.

"Kwaherini," akasema, akaenda kazini kwa miguu.

Spana alibaki nyuma ya mlango akitikisa kichwa. Mzee ameigundua, aliwaza. Ameiona, na sasa ananiadhibu kwa kujikausha. Ijumaa baba yake alivaa kiatu kile kile, akaenda, akarudi, hakusema neno. Binti alimtazama akinywa chai na moyo wake ukajaa heshima. Mtu anayeweza kutembea siku mbili juu ya chuma ili tu asimpe mwanawe pointi moja, huyo si mtu wa kawaida.

Kosa kama hilo lingeweza kufanywa katika nyumba ile tu.

*

Duka la spea lilikuwa na watu wengi Jumamosi. Mwenye duka aliitwa Katalogi kwa sababu hakuwa nayo. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Alikuwa ametengeneza ubao mrefu chini ya kaunta, wenye pedali tatu za klachi zilizofungwa springi za uzito tofauti, ili mteja akae kwenye kiti na ajaribu kabla ya kununua.

"Karibu kiti cha enzi, Mwalimu," alisema. "Sikiliza. Ya kwanza hii ni ya kiwandani, umeshaziunguza tatu, naijua historia. Ya pili, hii ya kati, inabana zaidi. Pedali inakuwa nzito, lakini mtu anaweza kuendesha nayo kwenda sokoni na bado akapanda mlima. Ya tatu ni ya mashindano. Sahani yake ina vipande vya shaba na kauri. Haijui kuteleza. Ukiachia inashika hapo hapo, kama mdai. Ila mguu utaisoma namba."

"Ya kati inatosha, Baba," alisema Spana. "Nimepiga hesabu ya nguvu zetu. Ya tatu itakusumbua kwenye foleni."

"Acha mguu uamue," alisema Mwalimu, akakaa.

Wateja walisogea. Watatu kati yao walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Alikanyaga ya kwanza, akaachia.

"Hii siisikii kabisa."

"Ni laini," Katalogi alikubali.

Akakanyaga ya pili. Akakunja uso, akajaribu tena, polepole, kama mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo.

"Na hii siisikii."

"Ya pili husikii? Mzee, vijana wangu hapa wanaikanyaga kwa kushika meza!"

"Labda wanashinda njaa."

Watu wakacheka. Mwalimu akanyanyua mguu kwenda kwenye ya tatu, akaushusha kwa nguvu zake zote, mpaka shingo ikavimba. Uso wake ukachanua.

"Hii! Hii naisikia. Inapanda mpaka kwenye goti. Hii ndiyo klachi."

Kisha kijana mmoja, wa pembeni, alisema kwa adabu, "Mwalimu, umekanyaga ubao."

Ilikuwa kweli. Kiatu cheusi kilikuwa kimepita kando ya pedali kwa upana wa vidole vinne, kimeukandamiza ubao uliopigiliwa sakafuni. Duka likalipuka. Katalogi alijifuta machozi. Mwalimu aliangalia chini, akauona mguu wake mahali ulipo, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa. Kisha akacheka kuliko wote.

"Najua ni ubao! Nilitaka kuona kama mmeupigilia vizuri."

Spana pia alicheka. Alikuwa katikati ya kicheko alipokikumbuka kile kiatu.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Hicho kiatu ndicho ulichovaa jana?"

"Na juzi. Mimi nina viatu vingapi?"

Alimtazama machoni akitafuta ile cheche, ule mkunjo mdogo wa pembeni uliojitokeza kila mzee alipokuwa na siri. Haukuwepo. Palikuwa na jasho tu, na haraka ya kutoka.

"Nipe ya tatu," Mwalimu alimwambia Katalogi, akatoa bahasha yote ya sare za shule, kwa sababu mtu aliyechekwa dukani hawezi kuondoka bila kununua kitu kikubwa.

"Baba, ngoja kwanza."

"Nimesema ya tatu."

"Ikilipiwa hairudishwi, Mwalimu," Katalogi alisema akihesabu. "Kubadilisha, ruhusa. Kurudisha pesa, hapana. Ndiyo sheria ya duka, hata mama yangu mzazi inamhusu."

*

Uani, Mwalimu alikalishwa kwenye benchi. Boksi la klachi liliwekwa kando yake kama mgeni.

"Vua kiatu, Baba."

"Unataka kukipiga rangi?"

"Vua."

"Fundi wa magari ameanza kukagua watu. Mama yake! Njoo uone!"

Mshonaji alitoka chumba cha kazi, na pini mbili mdomoni. Alitaka kusema jambo la kuchekesha, lakini binti alikuwa ameshapiga magoti na kiatu kilikuwa kimetoka, na soksi ya kijivu ilikuwa ya kahawia kuanzia vidoleni mpaka katikati ya unyayo. Pini zikatolewa mdomoni.

Soksi haikutaka kutoka. Mshonaji aliimwagia maji ya uvuguvugu, akaivua kidogo kidogo kama anayefumua mshono wa kitambaa cha bei. Ilipotoka, kitu kilichokuwa kimeikandamiza soksi ndani ya nyama kilidondoka kwenye sementi, kikalia *ting*, kikabingirika kuelekea mfereji wa maji machafu. Mwalimu aliinama akakidaka. Akakifuta kwenye shati. Akakigeuza mara mbili kwenye mwanga.

"Ni nini hicho?" mkewe aliuliza. "Kimetoka wapi?"

Mwalimu alikifumbata kiganjani. Alimtazama binti yake.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama nafasi kwenye foleni, na Spana aliiona, na ikampita.

"Golori," alisema. "Zinazagaa sana gereji. Itakuwa imeingia yenyewe."

"Itakuwa," alisema Mwalimu, akaitia golori kwenye mfuko wa shati.

"Na wewe hukuisikia?" mkewe aliuliza. "Hapa pana shimo, mume wangu. Nauona mfupa ndani yake."

"Niliisikia kidogo."

"Kidogo?" Alichukua pini moja. "Tazama kule ukutani. Usitazame huku." Mwalimu akatazama mistari ya chaki. "Nakuchoma kidole. Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Aa! Nasikia, mwanamke, unaniumiza."

Mshonaji alikaa chini, kwenye sementi yenye maji.

"Sijakugusa bado," alisema.

*

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani, na alipoingia na kumwona aliyelala kitandani, alisimama.

"Mwalimu."

"Taa ya Kijani," Mwalimu alisema. Kila mwanafunzi alikuwa na jina lake la utani. "Ulikuwa unasimama kwenye taa ya kijani na kupita kwenye nyekundu. Umeshaacha?"

"Nimeacha, Mwalimu."

Ilikuwa wiki ya tatu. Dawa zilikuwa zimeshindana na kidonda na kidonda kilikuwa kimeshinda. Vidole vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa unapanda. Sukari katika damu yake ilikuwa ya miaka mingi. Kadi ya kliniki ilipatikana chini ya kiti cha dereva cha gari la mbio, imekunjwa mara nne, ina tarehe ya miaka miwili nyuma na maandishi ya nesi: *miguu kufa ganzi, arudi baada ya mwezi*. Hakurudi. Mwalimu wa udereva asiyesikia miguu hana kazi, na hilo alilijua kuliko nesi.

"Gari uliliambia," mkewe alisema siku ile, akiishika kadi. "Mimi hukuniambia."

Jibu lilikuwa klachi tatu. Kwa miezi saba mguu wake ulikuwa umelala juu ya pedali, juu ya klachi, mlima baada ya mlima, na yeye hakuwa na habari nao.

Daktari alivuta kiti. Alizungumza kwanza juu ya homa, kisha juu ya damu, kisha juu ya jirani wa kitanda cha pili ambaye hakuhusika. Spana na mama yake walikuwa wamesimama upande wa dirishani. Daktari alivua miwani, akaivaa.

"Mwalimu, kama hatutafanya upasuaji, hii sumu itapanda. Kwa hiyo itabidi... tumekaa kama jopo, tumeona kwamba mguu huu..."

Hakuweza. Neno lilikuwa pale, neno la kawaida la kazi yake, alilisema kila wiki kwa wagonjwa wengine. Lakini kwa huyu mtu lilikuwa na sauti yake tayari, na lilikuwa na asubuhi arobaini za kujifunza kugeuza gari, na jasho mikononi, na mtu wa pembeni aliyemkemea mpaka akafaulu.

Mwalimu aliona anavyohangaika. Alikuwa mtu wa huruma na wanafunzi, hasa wale wagumu.

"Sema tu, Taa ya Kijani," alisema. "Toa mguu."

Alitabasamu. Alikuwa amelitayarisha tabasamu hilo, pengine kwa siku mbili. Hakuna aliyecheka. Mshonaji aligeukia dirisha.

Kwenye korido Spana alimkimbilia daktari.

"Ile golori. Isingekuwa ile golori?"

"Mguu usiosikia, kidonda kinatoka popote. Jiwe, msumari, hata mshono wa soksi. Kama si mwezi huu, mwakani."

"Lakini ilikuwa golori."

"Ndiyo," alisema daktari, kwa sababu alikuwa mkweli. "Mara hii ilikuwa golori."

Siku ya kutoka hospitali, nesi aliwapa mfuko wa vitu vyake. Saa, mkanda, shati, viatu viwili.

"Hiki cha kushoto mtakichukua?" aliuliza. "Wengine wanatuachia."

Mshonaji alivichukua vyote viwili. Usiku na mchana wa wiki ile alikata miguu ya kushoto ya suruali sita, akapinda, akashona kwa mshono mara mbili kama anavyoshonea watoto wanaocheza sana. Vipande alivyokata alivipiga pasi, akavikunja, akavitia kwenye droo. Chuo cha udereva kilituma barua ya kumshukuru, na mtu wa kuja kuchukua ufunguo wa gari la kufundishia.

*

Boksi lilikaa jikoni mwezi mzima. Mshonaji alilisukuma kwa mguu kila alipofagia.

"Nimekwenda kwa Katalogi," alisema siku moja. "Nimemwambia hali halisi. Amenipa pole, amenipa soda. Pesa hakunipa."

"Kubadilisha anaruhusu," alisema Mwalimu. Alikuwa hazungumzi sana siku hizo, kwa hiyo wote wawili waligeuka. "Fundi, kabadilishe. Chukua ya kati."

"Ya nini, Baba? Nani ataendesha?"

"Klachi inanunuliwa kwa mguu wa dereva. Mguu nyumbani hapa unao wewe."

Spana alikwenda. Alikaa kwenye kiti cha enzi na kukanyaga pedali ya kati, na wateja hawakusogea, na Katalogi alifunga boksi jipya kwa kamba bila kutoa hotuba.

Binti aliifunga klachi uani kwa siku mbili. Mwalimu alikaa kwenye kiti kando yake, magongo yameegemezwa kwenye tairi, suruali imeshonwa vizuri kabisa. Alitoa maelekezo: usiguse uso wa sahani kwa mkono wenye grisi, boliti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, si kwa pupa. Yote hayo binti aliyajua. Aliyafuata kama anayasikia kwa mara ya kwanza.

"Baba," alisema kutoka chini ya gari. Ilikuwa rahisi zaidi kusema ukiwa chini ya gari, uso umeelekea chuma. "Ile golori."

"Kaza kwanza."

"Nimekaza."

Kitu kidogo kikabingirika kwenye sementi, kikaingia chini ya gari, kikagota kwenye bega lake. Alikitazama bila kukigusa.

"Beringi ya klachi ya pili," sauti ya Mwalimu ilisema. "Nani alikufundisha kuhesabu golori ukifungua beringi?"

"Wewe."

"Ijumaa ile asubuhi nilipita kwenye kopo la rangi. Imepungua moja. Nikajua, huyu kaweka mtego. Nilikuwa na furaha sana siku ile, fundi. Nikaitafuta kwenye chai. Nikaitafuta kwenye kofia, kwenye mto, kwenye sahani ya uji nikachambua kwa kijiko. Kwenye kiatu sikutafuta. Kwenye kiatu ningeisikia."

Spana aliziba mdomo kwa mkono wenye grisi.

"Toka huko chini," alisema baba yake. "Chukua chaki, kaongeze mstari wako. Arobaini na moja kwa arobaini na moja."

"Siongezi."

"Mtego umenasa."

"Hukuruka!" Alikuwa anapiga kelele sasa, kelele za mtoto wa miaka tisa. "Sheria inasema uruke! Hukuruka, Baba, hukuruka, hauhesabiwi!"

Mama yake alisimama mlangoni na utepe shingoni. Alisikia yote, akaelewa yote, na baada ya muda akarudi kwenye mashine, na mashine haikulia.

Mwalimu aliyavuta magongo. Alitaka kwenda ukutani mwenyewe. Gongo moja liliteleza, likaanguka kwa kishindo, naye akarudi kitini kwa kuketi vibaya, mkono mmoja hewani. Ukuta ulikuwa hatua nne tu. Alibaki akiutazama.

"Basi," alisema. "Irudishe kwenye kopo."

*

Jumapili walipanda mlima. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha pembeni, mahali pake pa miaka ishirini na minane, lakini chini yake hapakuwa na pedali za mwalimu. Hapakuwa na kitu ila zulia, na mguu mmoja juu yake.

Watu walikuwa kando ya barabara, na nguo zao nzuri. Mmoja, yule yule wa siku ile, aliona gari, akanyanyua mkono, akafungua mdomo. Kisha akaona nani amekaa wapi. Alifunga mdomo, akaupeleka ule mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Spana alibadilisha gia. Klachi ilishika vizuri, bila kuteleza hata chembe. Alibadilisha tena, na mguu wa kushoto ulipomaliza kazi yake ulibaki pale pale juu ya pedali, na sauti ya injini ikapanda kidogo bila gari kuongeza mwendo. Masikio ya Mwalimu yaliijua sauti hiyo kuliko sauti ya mkewe. Shingo ilikakamaa. Midomo ilijipanga kwa maneno mawili, na binti akasubiri, alikuwa anayasubiri, aliyataka kuliko kitu chochote.

Mwalimu alimeza mate.

Binti akautoa mguu mwenyewe. Kopo la rangi, kule uani, lilikuwa bado limepungukiwa golori moja. Ilikuwa ndani ya kiatu chake cha kushoto, mbele kabisa, chini ya kidole gumba, na kila alipokanyaga ilimchoma mpaka macho yakalowa.

Baba yake aliyaona machozi, akadhani ni ya uzito wa klachi.

"Nzito?"

"Nzito, Baba."

"Lakini unaisikia?"

Kona ilikuwa mbele. Alikanyaga tena, mpaka mwisho kabisa wa pedali.

"Naisikia."